Kwani Jiwe Laungua?

Kazi yangu ni kupima, kukata na kupachika kaunta za jikoni, na kwa miaka mingi nimeifanya hapa Mombasa, kuanzia Kizingo na Ganjoni hadi Tudor, Nyali na Bamburi. Nilipoanza, watu walikuwa wakipiga teraso au kubandika vigae, kisha ikaja granaiti. Siku hizi karibu kila anayejenga au kukarabati jiko anataka kwatsi, hasa ile nyeupe yenye mishipa ya kijivu au ya dhahabu. Sina ugomvi na chaguo hilo. Ni kaunta nzuri, ngumu, na ikitunzwa itadumu kuliko kabati zilizo chini yake. Kinachoniuma ni simu ninazopigiwa baadaye, hasa kumi la mwisho la Ramadhani na ule msimu wa harusi unaofuata Idi, za watu walioharibikiwa kwa sababu walipokuwa wakinunua waliambiwa tu, "Hili ni jiwe, halina matata."

Slabu ya kwatsi haichimbwi mlimani ikiwa slabu, kama ilivyo granaiti au marumaru. Hutengenezwa kiwandani. Mawe ya kwatsi husagwa, mengine yakawa chembe, mengine yakawa unga kabisa, kisha hutiwa rangi na resini ya poliesta, yaani gundi ya kuyashika. Mchanganyiko huo hutandazwa, ukashindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikinyonywa, halafu ukapitishwa kwenye joto ili ushikane. Mbinu hiyo ilibuniwa Italia na kampuni iitwayo Breton, na ndiyo iliyoenea viwandani duniani kote. Kwa uzani, kwatsi huwa kama sehemu 90 hadi 93 katika kila 100, na zilizobaki ni resini na rangi. Ukisikia hivyo utadhani resini ni kidogo sana. Lakini resini ni nyepesi mno kuliko jiwe. Slabu yenye sehemu 8 za resini kwa uzani, ukiipima kwa nafasi ambayo resini hiyo imechukua, hukuta inakaribia sehemu 17. Anayejua kashata za njugu ataelewa upesi: njugu ndizo nyingi, lakini kinachozishika ni sukari, na kashata ikikaribia moto, njugu hubaki njugu, sukari ndiyo huharibika.

Nimelishika jambo hilo moja na limenisaidia kuliko maelezo yote yanayokuja na slabu. Kila niitwapo kuangalia kaunta iliyodhurika, hujiuliza kwanza: resini imefanywa nini? Kwatsi yenyewe sijaona aliyeishinda jikoni. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, ni 7, na visu vyetu vingi havifiki hapo. Ili iyeyuke yahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,600. Resini nayo huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi.

Kisa ninachowasimulia wateja wengi ni cha mama mmoja wa Tudor. Usiku wa kuamkia harusi ya bintiye nyumba ilijaa watu, na mmoja wa wageni akatua chetezo cha shaba juu ya kaunta, kwenye kile kipande kilicho kati ya jiko la gesi na ukuta. Makaa yalikuwa yamekolea, udi unafuka, nguo zinafukizwa moja baada ya moja. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Asubuhi chetezo kilipoondolewa, chini yake palikuwa na doa.

Niliinama nikaliangalia kwa tochi. Lilikuwa la mviringo, upana wa kisahani cha kikombe cha chai. Ukingoni rangi ilikuwa manjano hafifu, ndani ikageuka hudhurungi, na katikati mng'ao ulikuwa umekwisha kabisa. Nilipitisha ncha ya kidole. Penye manjano palikuwa pangali laini, lakini katikati palikwaruza: chembe za kwatsi zilikuwa zimebaki zimejitokeza, maana resini iliyozizunguka ilikuwa imeungua ikapungua.

"Fundi, kwani jiwe laungua?" aliniuliza. "Nimelisugua kwa blichi mpaka mikono yaniuma."

"Jiwe haliungui, mama. Kilichoungua ni gundi inayolishika. Na hiyo blichi tuiwache sasa, itazidi kuidhoofisha."

Doa la moto namna ile halioshwi, kwa sababu si kitu kilichoingia kutoka nje. Ni resini yenyewe iliyobadilika. Kuna wanaojaribu kulisugua kwa msasa na kulipiga polishi papo hapo. Likiwa jepesi, hupungua. Likiwa limezama, utachimba bonde, na hata ukifika chini yake, mng'ao wa mkono hauwi sawa na mng'ao wa kiwandani. Mwanga wa dirishani ukipiga kwa upande, kiraka kitaonekana. Kwa hiyo tulikubaliana kubadilisha kipande chote.

Hapo ndipo matatizo mengine huanzia, na ningependa kila mwenye nyumba ayajue kabla hayajamfika. Slabu zenye jina moja na namba moja ya rangi hazilingani zikitoka mikupuo tofauti ya kiwandani. Niliyoipata dukani niliiweka kando ya kaunta yake, nayo ikawa nyeupe zaidi, mishipa yake minene. Bahati njema yule mama alikuwa ameweka kile kipande kilichotolewa tulipokata tundu la sinki. Kilikuwa uani, kimeegemezwa ukutani nyuma ya tangi la maji. Kwa kuwa sehemu iliyoungua ilikuwa nyembamba, kipande kile kilitosha, na rangi ikalingana kwa sababu kilitoka kwenye slabu ile ile.

Tangu hapo sitoki kwenye nyumba ya mtu bila kumkabidhi vipande vilivyobaki mkononi. Mtu husema, "Fundi, chukua tu, ni takataka." Nakataa. Kipande hicho ndicho kitakachotoa chembe za kuzibia ukingo ukimeguka, na ndicho cha kujaribia dawa yoyote ya kusafishia kabla hujaitia kwenye kaunta yenyewe.

Chetezo ni adui mmoja tu. Mafuta ya kukaangia sambusa na katlesi hufika nyuzi 180, na karai ikiepuliwa ikatuliwa kwenye kaunta, chuma kile huwa kina joto linalozidi uwezo wa resini. Sinia ya mkate wa mayai ikitoka kwenye oveni ni hivyo hivyo. Wanaopika mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini wajihadhari zaidi, maana mfuniko wenye makaa ukiwekwa kando kwa dakika moja, au kaa moja jekundu likadondoka, yatosha. Kaa lililo jekundu hupita nyuzi 600.

Watu wengi huniambia wanatandika kitambaa au kata ya miyaa. Kwa chungu cha wali kilichokwisha pumzika, sawa. Kwa karai ya mafuta haitoshi, kwani kitambaa chembamba hupitisha joto na miyaa huungua. Weka ubao mnene wa mbao, au chuma chenye miguu kinachoinua sufuria hewa ipite chini. Mimi huwashauri wateja wauache ubao huo kando ya jiko siku zote, usiwekwe kabatini, kwa sababu mtu aliyeshika karai ya moto kwa mikono miwili hana wa kumfungulia kabati.

Vyombo vya umeme navyo visisahauliwe. Sufuria ya kupikia wali kwa umeme, au ile mashine ya kukaanga kwa hewa, ikifanya kazi saa nzima mahali pamoja hupasha kaunta kidogo kidogo. Iwekee ubao chini. Na joto halitishi kwa doa peke yake. Sehemu moja ya slabu ikipata joto ghafla na jirani yake ikabaki baridi, hasa karibu na kona ya sinki, slabu yaweza kupasuka. Wapo waliosikia mlio mkavu, "ta!", wakadhani ni sahani imevunjika ndani ya kabati.

Nimetaja kona ya sinki, na hapo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa nyufa nyingi nilizoitiwa zilianzia hapo na nyingi hazikuletwa na joto. Slabu ya unene wa milimita 20 ina uzito wa karibu kilo 50 kwa kila mita mraba. Ya milimita 30 hupita kilo 70. Uzito wote huo umekalia kabati. Sasa tazama kabati zetu za Pwani zimetengenezwa kwa nini: nyingi ni chipubodi, yaani vumbi la mbao lililogundishwa. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Chipubodi ikinyonya maji huvimba, kisha hubomoka.

Kwenye fleti moja ya Kizingo nilikuta ufa mwembamba umetoka kwenye kona ya sinki ukaja mpaka ukingo wa mbele. Baba wa nyumba alikuwa na hakika kwamba watoto walipanda juu ya kaunta, na watoto walikuwa wamekwisha gombezwa. Nilifungua kabati, nikatoa ndoo na sabuni zote, nikalala chali nikamulika. Bomba la maji machafu lilikuwa likivuja kwenye kiungo, tone kwa tone. Ubao wa ubavuni ulikuwa umevimba chini ukalegea juu, na kati yake na slabu palikuwa na mwanya wa kupitisha kalamu. Slabu ilikuwa inaning'inia pale ilipo nyembamba kuliko pote, mbele ya tundu la sinki. Nilimwita yule baba akaangalie mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akawaita watoto.

Kwa hiyo anayetaka kulinda kaunta aanze na kabati. Kama bado hujatengeneza, omba plaiwudi inayostahimili maji, angalau ile kabati ya sinki. Kama imekwisha tengenezwa, uwe na desturi ya kumulika chini ya sinki kila baada ya wiki chache na kupapasa viungo vya mabomba kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, mwite fundi bomba siku hiyo hiyo. Na slabu ikiwa inakatwa, hakikisha kona za ndani za tundu la sinki zinakatwa kwa mviringo. Kona kali hukusanya nguvu yote mahali pamoja, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Ukingo nao una maadui wake jikoni mwetu. Nazi. Nimeona kingo zilizomeguka kwa sababu mtu amezoea kugonga nazi kwenye pembe ya kaunta, kama alivyokuwa akifanya kwenye ile ya simiti. Nazi ishike mkononi uipige kwa mgongo wa kisu kizito, au ivunjiwe nje kwenye jiwe. Kinu na mchi wake viende sakafuni. Mashine ya kusagia nyama, ile inayokazwa ukingoni kwa skrubu, huminya sehemu ndogo sana kwa nguvu nyingi, kisha ukianza kuzungusha mkono inatikisa hapo hapo. Anayelazimika kuitumia aweke vipande vya mbao juu na chini ya ukingo, au aikaze kwenye meza ya mbao. Ukingo ukishamegeka, kipande kikipatikana kisitupwe. Kwa gundi ya epoksi iliyotiwa rangi hurudishwa vizuri, na ukiwa na unga wa slabu ile ile hutaona kiungo kwa urahisi.

Sasa madoa. Hapa wengi hujitia hofu bure. Kwatsi haihitaji kupakwa sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, kama granaiti, kwa sababu haina vitundu vya kunyonya. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuza dawa ya kuipaka iwe na ulinzi na mng'ao. Niliwahi kuitwa Nyali kwenye kaunta iliyokuwa nyeusi ya kioo na sasa ilikuwa na ukungu, kila ukigusa kidole kinaacha alama. Slabu haikuwa na tatizo lolote. Dawa ile haikuwa na pa kuingia, ikabaki juu ikawa utando unaoshika mafuta. Tuliutoa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na subira nyingi, na kaunta ikarudi kama nilivyoiacha. Matunzo ya kila siku ni hayo: maji, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha kukausha.

Manjano na achari huacha rangi zikilala usiku kucha. Bizari ya manjano hupenda plastiki, ndiyo maana vifuniko vya makopo ya mchuzi hubaki na rangi, na resini ni ndugu wa plastiki. Ukifuta papo hapo, hakuna kitu. Ukichelewa, changanya bikaboneti ya soda na maji iwe ujiuji, tandaza juu ya doa, acha robo saa, sugua kwa sponji laini, suuza. Rangi hafifu ikibaki usiingiwe na wasiwasi. Mwanga wa mchana huifuta wenyewe taratibu, kwani rangi ya manjano haina maisha marefu mwangani. Hina na piko ni jambo jingine. Siku za harusi wapambaji hupenda kukorogea kwenye kaunta kwa kuwa ina urefu mzuri. Wapeni sinia. Piko ni rangi ya nywele, imekusudiwa isitoke.

Blichi ikimwagika, futa na suuza. Isiachwe ikakaa. Dawa za kuzibua mabomba na za kusafishia oveni zina magadi makali yanayokula resini, na tina ya rangi huilainisha. Hizo zisitue kabisa, hata chupa yake yenye matone chini.

Alama za kijivu nitazieleza kwa sababu huwatia watu huzuni pasipo haja. Dada mmoja wa Bamburi alinionyesha mistari mingi kwenye kaunta nyeupe isiyong'aa, akiwa na hakika kwamba nilimpachikia slabu dhaifu. Nilimwambia apitishe ukucha juu ya mstari. Ukucha haukukwama. Mkwaruzo wa kweli hukwamisha ukucha. Ile ilikuwa alumini ya sufuria zake. Kwatsi ni ngumu kuliko alumini, kwa hiyo sufuria ikiburutwa, inayolika ni sufuria, na unga wake hubaki juu ya kaunta. Nilitia krimu laini ya kusafishia kwenye sponji yenye maji, nikasugua kwa mzunguko bila kukaza, mistari ikatoka. Stilwaya sikuigusa, na yeye nilimwomba asiiguse: hiyo hupoteza mng'ao wa sehemu inayosuguliwa na haurudi. Visu vya chuma navyo huacha mistari kama hiyo. Ubao wa kukatia ni wa lazima, tena kwa ajili ya kisu zaidi, kwani makali hufa upesi juu ya kwatsi.

Maji yetu yana kazi yake. Mji wa Mombasa umekalia mawe ya matumbawe, na nyumba nyingi hutumia maji ya kisima kwa kuwa ya mfereji huja kwa zamu. Maji ya kisima hubeba chokaa na chumvi. Yakikauka kuzunguka mfereji huacha ukoko mweupe, na watu huukwangua kwa kisu. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikawekwa juu ya ukoko kwa kitambaa kwa dakika chache, huulainisha, kisha unafuta na kusuuza. Ndimu pia hufanya kazi hiyo. Kwa mwenye kaunta ya marumaru ushauri huu ungekuwa balaa, maana marumaru ni chokaa na ndimu huila papo hapo. Kwatsi hailiki. Ndiyo moja ya sababu naipendekeza kwenye majiko yetu, ambayo hayapitishi siku bila ndimu na ukwaju.

Ule mstari wa silikoni kati ya kaunta na ukuta hushika kuvu nyeusi kwa joto letu na unyevu. Ukiona imeingia ndani usihangaike kuisugua. Ikwanguliwe yote, pakaushwe vizuri, ipigwe mpya isiyoshika kuvu.

Wanaotaka jiko la nje, barazani au juu ya paa penye upepo wa bahari, wasiweke kwatsi. Jua huigeuza resini kuwa ya manjano, na nyeupe ndiyo huonyesha zaidi. Granaiti ndiyo ya nje.

Limebaki jambo ambalo wenye nyumba hawalioni, kwa kuwa hutokea zaidi kwenye karakana zetu, nami siwezi kuandika juu ya kutunza kaunta nisilitaje. Kwatsi ni madini yaitwayo silika. Slabu ikikatwa, vumbi lake ni silika karibu tupu, wakati granaiti huwa na kama thuluthi na marumaru kidogo sana. Chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho. Huingia mpaka ndani ya pafu, zikaacha makovu, na pafu likawa gumu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna tiba, na huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka silika ya namna hii kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1997. Australia, baada ya mafundi wengi vijana kuugua, ilipiga marufuku slabu hizi kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kaunta iliyokwisha pachikwa haina madhara kwa wapishi wala watoto. Madhara yamo kwenye kukata, kutoboa na kusaga.

Nyumba moja niliitwa kubadilisha sinki, nikakuta kijana ametumwa kutoboa tundu la mfereji wa chujio. Alikuwa na grainda, anakata kukavu, amejifunga shati usoni. Jiko lilikuwa jeupe. Vumbi lilikuwa juu ya friji, kwenye vikombe vya watoto, kwenye kope zake.

"Zima kwanza, mdogo wangu," nilimwambia.

"Nimezoea, boss."

Sikuwa na hasira naye. Hakuna aliyemweleza, na aliyemtuma alitaka kazi iishe kabla ya adhuhuri. Nilimpa barakoa ya vumbi niliyokuwa nayo kwenye mkoba, ile ya kichujio inayobana uso. Tukaweka grainda kando tukatumia dreli ya betri yenye biti ya almasi, kwa mwendo wa polepole, mmoja akitoboa na mwingine akimimina maji kidogo kidogo ili vumbi litoke likiwa tope. Dreli ya betri, kwa sababu maji na waya wa umeme havikai pamoja. Baadaye hatukufagia. Tulifuta kila kitu kwa vitambaa vilivyolowa, tukavisuuza, tukafuta tena, na mwenye nyumba tukamwomba awaweke watoto nje mpaka tumalize.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, lakini mwenye nyumba pia ana sauti. Ukienda kuagiza kaunta, ingia karakanani uangalie. Kama mashine zinakata kwa maji na sakafu imelowa, hapo pana watu wanaojali. Kama vijana wote wamekuwa weupe kwa vumbi, agiza kwingine, na uwaambie kwa nini. Uliza pia kama wana slabu zenye silika kidogo, ambazo viwanda vimeanza kuzitengeneza kwa kutumia vioo na madini mengine. Na matundu yote unayoyataka, ya mfereji, ya chujio, ya sabuni, ya waya, yataje siku ya kupima. Nikiambiwa mapema, nayatoboa yote karakanani chini ya maji, kabla slabu haijapakiwa kwenye gari.